Simu ya Wodi ya Wanaume

Dada yangu mpendwa,

Salamu zikufikie wewe, shemeji na wapwa wangu. Kifua kimepona, au bado unakunywa maji ya barafu kwa ubishi uleule? Sisi tunaamka. Mama anakula kidogo, lakini anakula.

Najua kilichokuzuia kuja kumzika baba. Uliniambia ulimpigia hospitalini mara tatu, na kila mapokezi walipokuambia uongee na mzee, alikukatia bila neno. Ukasema huna uso wa kusimama kaburini kwake. Sikukulaumu. Ukaidi wa baba tunaujua, na tangu uolewe bila radhi yake jina lako lilikuwa mwiba mezani.

Juzi nilirudi wodini kuchukua redio yake. Nikamkuta fundi wa simu chini ya meza ya muuguzi, nikamtania kwamba simu nayo imelazwa. Akanieleza kwamba simu zao sasa zinapita kwenye intaneti, na karibuni waliziwekea ulinzi ili watu wasidukue. Ya mapokezi ikapangwa upya. Hiyo ya wodi wakaisahau. Basi mapokezi wakiita wodi, wanasikilizana. Wakikuhamishia wewe uongee na mgonjwa, mtambo unaona simu moja ina ulinzi na nyingine haina, unagoma kuziunganisha, na laini inakufa pande zote mbili.

Dada, baba hakukukatia. Nililia palepale.

Muuguzi, mama mmoja mpole, akaniketisha. Alisema kila mara mapokezi walitaja kuwa ni wewe, na baba naye alidhani wewe ndiye unayekata kila akisema haloo, na alikuwa akinung'unika kwamba mtoto amerithi kichwa chake kigumu. Mara ya tatu hakungoja haloo. Alianza kuongea moja kwa moja: amekusamehe zamani, ni aibu tu iliyomfunga mdomo, uje na watoto awaone. Muuguzi ndiye aliyemshikia simu. Alisikia kwamba laini imeshakufa, akashindwa kumwambia.

Asubuhi baba aliomba anyolewe ndevu, avalishwe shati safi, kwa kuwa wajukuu wako njiani. Alifariki siku hiyohiyo, mlango wa wodi ukiwa wazi kwa agizo lake.

Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini mwaliko wake haujafutwa. Njoo na watoto, dada. Mama ameshatandika kitanda.

Nisalimie wote hapo nyumbani.

Mdogo wako,
Kiroboto