Enzi ya babu yako imeisha

Jumapili. Mvua tangu alfajiri, na mahindi niliyoanika nimeyaingiza mwenyewe, maana humu ndani kila mtu yuko kwenye simu. Andika na hilo, Neema mjukuu wangu, usiruke.

Babu yako tumeanua matanga yake juzi. Kiti chake bado sijakikalia.

Nimemkumbuka yule kijana Mjapani. Ilikuwa wakati wa Ujamaa, tumehamishiwa huku Nyakahura, naye akaja kutufundisha kulima mboga. Kabichi zake kubwa, jamani! Watoto wakamwita mzungu. Akakataa: "Mimi Mjapani." Haya, wakamwita Mzungu Mjapani.

Jioni aliwaeleza watoto mambo ya kwao. Mfalme akikalia kiti, miaka inaanza upya, mwaka wa kwanza, wa pili, na enzi yote inapewa jina. Akifa, enzi imekwisha. Anayefuata anaanza tena na moja. Enzi ya wakati ule iliitwa Showa, kama kusema amani yenye nuru. Yeye, kaka zake, na watoto wa kaka zake, wote walizaliwa ndani ya Showa, na mfalme ni yule yule! Mwiko wa ugali ukanibaki mkononi. Nilidhani miaka inapita tu kama mvua. Kumbe watu wanaipa jina!

"Jina ni amani," akasema, "lakini baba yangu alikufa vitani humo humo."

Hilo sikulisahau, maana na sisi vita ya nduli ikaja. Babu yako alikuwa mgambo, akapanda lori la jeshi pale Lusahunga. Watoto kila siku: "Mama, baba anarudi lini?" Mimi nitajuaje? Nikawaambia, akirudi ndiyo mwaka wetu wa kwanza.

Alirudi. Amekonda, buti limepasuka. Baba yako, Neema, mdogo hivi, akatimua mbio barabarani: "Mwaka wa kwanza! Mwaka wa kwanza!"

Babu akacheka mpaka akakaa chini. "Mimi mfalme? Mwenye mbuzi wawili?"

Tukahesabu hivyo nyumbani hadi juzi.

Leo mwanao ameniuliza, sasa ni mwaka gani. Nikageukia mahindi yangu. Akasema, "Bibi, si ni zamu yako?"

Zamu yangu! Mimi nisiyejua hata kuandika jina langu, nipewe enzi.

Kesho nitakikalia kile kiti. Ila hiyo enzi, Neema, niiite nani?