Betri za Redio

Jumatano jioni, Ngujini

Na yule chura bado amebanwa kwenye kona. Mimi, niliyekula Mombasa nikalala Tanga, niliyewanyamazisha wapiga debe wote wa Same, nimeshindwa na chura wa kwenye gemu ya mkononi! Anasukuma masanduku, ukifaulu anaruka kwa furaha, lakini kuvuta hajui. Kosea sanduku moja tu, umekwisha.

Kosa langu ni betri. Tangu serikali itoe ruksa ya kuleta bidhaa za nje, soko limejaa kila kitu, ila betri bei yake inauma. Jumapili nilizichomoa za redio nikazitia kwenye gemu. Nikasema nitazirudisha kabla ya matangazo ya vifo. Nikasahau.

Jioni ileile kikatangazwa kifo cha mjomba wake Nakijwa, mke wangu. Sisi tumekuja kuambiwa jana na kondakta wa basi. Leo tumefika, ameshazikwa.

Wakwe wakauliza, "Jamani, mlikuwa wapi?"

Nakijwa akajibu, "Redio iliisha betri." Hakunitazama. Mimi, na mdomo wote huu, nikakohoa.

Baba mkwe akaingia ndani, akatoka na betri mbili za redio yake mwenyewe. "Chukua, mwanangu. Msiba mwingine usiwapite."

Ningekataa kwa maneno gani? Nikapokea kwa mikono miwili. Ziko mfukoni, zinagongana na gemu kila nikiinuka kumpa mtu pole. Najiambia, nenda kamwambie mzee ukweli. Miguu haitaki.

Saa ya matangazo imefika, na redio yake iko kimya dirishani.