Fredrika Aelekezwa Mlangoni

Norrsund, Åland
25 Aprili 1921

Mpendwa mdogo wangu Evald,

Pokea salamu za nyumbani, tele. U hali gani, na Hulda na watoto hawajambo huko Amerika, Duluth? Kikohozi chako kimepona, au bado unajitia kijana na kutembea kichwa wazi kwenye baridi? Sisi tu wazima. Mama analalamikia magoti, ila ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Barafu imeondoka bandarini, na ng'ombe mwekundu amezaa.

Sasa nikueleze, maana nisipokueleza nitapasuka. Unamkumbuka Bergman mwenye duka? Siku hizi ni mzee wa kanisa. Majira ya baridi alilizawadia kanisa taa kubwa ya shaba. Taa yenyewe nzuri, sikatai. Lakini aliitaka ikae katikati, pale pale ilipokuwa ikining'inia merikebu ndogo aliyoichonga Baba, Fredrika wetu. Basi bwana huyo akamtundua Fredrika bila kumwuliza mtu, akaenda kumtundika karibu na mlango, tena omo, pua yake ya mbele, ikitazama nje! Ati anayeingia alakiwe na ile sanamu ya mwanamke iliyoko mbele. Loo!

Mtu kazaliwa visiwa hivi hivi, Evald! Hata mtoto anayenyonya anajua kwamba merikebu ya kanisani husafiri kwenda madhabahuni. Ukiielekeza mlangoni, inachukua watu baharini wasirudi.

Na si merikebu yoyote. Fredrika mkubwa, meli yenyewe, alipojengwa hapa ufukweni wewe ulikuwa bado unatambaa. Kila shamba lilitoa misonobari yake, asiye na msitu akatoa mikono. Mama na wenzake walishona matanga huku wakiwapikia mafundi viazi na samaki wa chumvi. Babake Bergman alitoa misumari, tena yenye kutu. Fredrika akapeleka mbao Uingereza, akarudi na chumvi ya Hispania, na kila alipopinda rasi ile tulitoka mbio mashambani kumwangalia, kwa sababu alikuwa wetu sote.

Vuli ile alipovunjikia pwani ya Jutland kule Denmark, kaka yetu Karl hakurudi, wala mwili wake haukuonekana. Kilichorudi ni ubao mmoja. Baba aliuchonga majira yote ya baridi, hasemi na mtu, hadi ukawa Fredrika mdogo. Wenzake Mama wana makaburi ya kupandia maua. Yeye ana benchi lile lililo chini ya merikebu, basi.

Sasa fikiria Mama alivyoingia Jumapili ya kwanza baada ya Bergman kumhamisha. Aliinua uso, akasimama.

"Alma," akaniambia, "wanamtoa Karl nje."

Akageuka akaenda zake, na tangu siku hiyo hakukanyaga kanisani. Mama yetu, ambaye hata theluji ya kiunoni haikuwahi kumzuia!

Damu ilinichemka. Nikamfuata Bergman dukani. Mwenzangu anapima sukari, wala hanitazami.

"Bi Alma, mbona mnakuza mambo? Ule ni ubao tu."

"Ubao ni hicho kichwa chako!" nikamjibu mbele ya wateja. Akacheka. Nikaenda kwa mchungaji, naye akaniambia eti tuvumiliane. Tuvumiliane nini? Nani kamkosea nani?

Basi wanawake tukapatana. Jana ilikuwa Jumapili ya kuwaaga mabaharia, na wimbo wa kuwaaga huanzwa na sisi. Kinanda kikalia, tukafunga midomo, kimya. Aliyeimba ni nahodha mzee Mattsson peke yake, maana masikio yake yamekufa siku nyingi. Alimaliza ubeti mzima kwa sauti ya kuitia meli ya ng'ambo, hadi mkewe akamfinya. Mama nilikuwa nimemvuta mpaka kizingitini, lakini alikataa katakata kupita chini ya omo ile.

Ndipo akasimama Signe, mke wa Bergman. Ragnar wao, kitinda mimba, anaondoka Alhamisi kwa safari yake ya kwanza ya baharini.

"Bergman," akasema, kwa jina la ukoo, kama anamwita mtu baki, "mwanangu anaondoka Alhamisi. Mrudishe Fredrika mahali pake. Sasa hivi."

Bergman akakohoa. Akatazama huku na huku apate wa kumtetea, hata mchungaji akajifanya anatafuta ukurasa. Mwishowe akavua koti lake zuri. Wanaume wakashusha taa, wakaisogeza pembeni, naye akapanda ngazi mwenyewe na tumbo lake lote, akafungua kamba, akamkumbatia Fredrika. Ngazi ikayumba. Hakuna aliyeinuka kumsaidia, na mimi nikiwemo, Mungu anisamehe.

Aliyekwenda ni Mama. Alipita mlangoni na magoti yake mabovu, akaishika ile ngazi kwa mikono miwili.

"Polepole, Bwana Bergman," akamwambia. "Wamo watu humo."

Nisalimie Hulda, umbusu kila mtoto kwa niaba ya bibi yao. Shangazi Edla na majirani wote wanakusalimu. Mungu akutangulie uendako na akufikishe salama urudipo.

Ni mimi dada yako, nisiyechoka kukuwaza,

Alma