Twahiru, Waliokuosha Hawakuvua Glovu

Mwaka mzima umezunguka, Twahiru mjukuu wangu, tangu lile lori liligonge gari lenu kwenye barabara ya Kabuga, Agosti ya 1992. Viateur, dereva wako, alitoka na mkono uliovunjika. Wewe hukutoka. Anasema mlikuwa mnarudi kufundisha wanawake wa sokoni habari za Sida, yaani Ukimwi, na ulikuwa unacheka.

Mama yako alikufa hujajua kutembea, nikakulea mimi hapa Nyakabanda. Nilikuita mume wangu, nawe mbele ya wageni wako wa wizarani uliniita mke wangu, wakabaki wanatazamana. Koti la suti ulilivua mlangoni, ukaketi jikoni kwenye kigoda, ukadokoa maharage sufuriani kwa kidole. Mkuu mzima wa kazi ya kupambana na Sida mji wote wa Kigali! Nikikupiga na mwiko ulisema, "Bibi, angalia, unapiga serikali."

Unakumbuka nilivyotaka kukusaidia kazi? Nikatunga kitendawili. Nikatega: "Kaingia bila kubisha, analala kitandani kwangu, anakula nami sahani moja, wala simjui." Mkeo Zuhura akadakia, "Hao si ndugu zake Twahiru!" Tukacheka mpaka machozi. Wewe hukucheka.

"Bibi, jibu ni Sida, sawa. Lakini toa sahani. Kwa sahani haiambukizi. Watu watakataa kula na wagonjwa wao."

Basi nikatoa sahani. Kilipungua utamu, lakini ulikibeba hivyo hivyo mpaka mtaa wa Muhima, ukawategea wenye maduka. Waliposhindwa wakakupa mji, ukaja kuniambia kuanzia leo Muhima ni yangu.

Dawa hukuwa nayo. Ulisema kila ulikokwenda: "Dawa sina, nina maneno." Padri alisema umeleta dhambi, shehe naye akasema umeleta dhambi, ukaja nyumbani ukajisifu kwamba umewapatanisha. Kisha vita vikaja, na hata maneno yakakosa petroli. Siku moja ulirudi hukugusa chakula. Mwanamke mmoja alikuwa amekuuliza, "Kama huna dawa, umekuja kufanya nini kwangu?" Ukaniuliza mimi ningemjibu nini. Nilikumiminia chai, mume wangu.

Siku zile hata waosha maiti walikuwa wameanza kuogopa, nami ni mmoja wao upande wa wanawake. Kijana akifa amekonda, tulisimama uani tukitazamana, nani ataingia. Ukatuletea glovu za mpira. Ukatuketisha sote pamoja na Mzee Nsabimana, anayeongoza wanaume, ukasema: "Mvae kwa kila maiti. Awe mtoto, awe shehe, awe mgonjwa, awe aliyeanguka kutoka juu ya paa. Mkianza kuchagua, mtaa mzima utajua nani alikuwa na nini, na familia yake itakimbiwa." Tukakubali. Ilikuwa rahisi kukubali, ulikuwa umeketi mbele yetu.

Ikafika zamu yako. Mwanamume huoshwa na wanaume, kwa hiyo mimi nilibaki nje ya pazia. Nikasikia mpira unavutwa vidoleni. Nikapaza sauti:

"Nsabimana! Huyu gari limemuua, kila mtu ameona! Vueni hizo! Hata mmoja wenu avue, mtoto wangu aguswe na mkono wa mtu!"

Maji yakasimama.

"Mama," akasema Nsabimana nyuma ya pazia, "tukivua kwa Twahiru kwa sababu ni gari, kesho tukivaa kwa mtoto wa jirani tumekwisha kutaja ugonjwa wake. Nami nampenda. Sema wewe, tufanye nini?"

Maneno yote ulikuwa umeyamaliza wewe. Nikakaa chini, na maji yakaanza tena.

Tangu siku ile glovu nazichukia, lakini navaa. Maboksi uliyotuachia yamekwisha. Ofisini kwako wanatuambia tungoje. Tunazifua zile zile kwa javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, tunazianika kambani, na zikitoboka hatujui tutafanya nini.

Juzi hapa alikufa binti wa jirani yetu, amekonda kama ufito. Tukaingia na glovu kama tunavyoingia kwa kila mtu. Hakuna aliyeuliza amekufa kwa ugonjwa gani. Mama yake alipokea watu kichwa juu, na majirani walikula matangani mpaka sufuria zikaisha. Nilisema nirudi nyumbani nifurahi kwa ajili yako. Nilifika jikoni nikashindwa hata kuwasha moto.

Ijumaa hii baada ya sala tutakusomea hitima hapa nyumbani. Ndugu na marafiki wote mnakaribishwa.

Unakumbukwa na mkeo Zuhura Mukashema, watoto wako Shyaka na Kaliza, dereva wako Viateur, Mzee Nsabimana na waosha maiti wote wa mtaa, na mimi bibi yako Mukantwari, ninayejua kwamba ulisema kweli, na bado ningeomba mkono mmoja mtupu.

Hatutaacha kukukumbuka, mume wangu, maadamu tupo.