Kasiksi Ambayo Mama Hakuionja

Bukavu, tarehe 11 Februari 1973

Yaya Eulalie, dada yangu mpendwa,

Nakusalimu sana, wewe na Mama. Miguu yake inaendeleaje na baridi ya Miti? Mimi ni mzima, na chakula cha masista ni kilekile. Tangu mwaka jana majina ya ubatizo yamekatazwa, na darasani mimi ni Cibalonza tu. Lakini barua hii si ya darasani, kwa hiyo nakuita jina lako.

Kaa kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Jumatano sista alinituma sokoni Nyawera kupeleka sketi za wanafunzi wadogo zikunjwe pindo. Fundi tuliyemzoea alikuwa na kazi nyingi, akanionyesha mwenzake aliye nyuma ya wauza chumvi. Yule alipoinua macho, mashini yake ikasimama. Akaniuliza: "Weye ni wa kwa mwalimu Placide?" Nikasema ndiyo, ni kaka yangu. Akasema sura ni ileile. Kisha akanitajia jina lake.

Ni Télesphore, Yaya. Ndiye aliyekuwa akinibeba mabegani kule Uvira, ulipokuwa mchumba wake, kabla ya vita vya waasi. Amekaa miaka msituni, kisha gerezani, wakamwachilia. Hana mke. Sketi zilipokwisha aliniuliza, kwa sauti ya chini sana, kama anaweza kuja Miti akae mbele ya Mama na aseme. Nilimjibu kwamba nitakuandikia.

Mdogo wako,
Colombe


Miti, tarehe 25 Februari 1973

Mdogo wangu Colombe,

Salamu zimefika. Mama ni mzima, miguu yake hivyo hivyo. Maharagwe yametoka vizuri.

Ulikuwa mtoto, kwa hiyo nitakuambia usichokiona. Waasi walikuwa wakitafuta walimu. Placide alikuwa amevaa nguo za shamba, ana jembe mkononi, na wangempita. Mkubwa wao akamgeukia Télesphore, ambaye walikuwa wamemkamata na kumpa mkuki, akamuuliza: "Huyu ni mwalimu?" Neno moja tu, hapana, lingetosha. Yeye akatazama miguu yake. Wakampeleka Placide ziwani, hakurudi. Mimi na Mama tulikuwa mlangoni.

Wachumba waliokuja baadaye niliwakataa wote. Watu wanasema ni kwa sababu ya kumlilia kaka yangu. Si kwa sababu hiyo tu, na hilo ndilo linaloniuma. Usirudi Nyawera.

Yaya wako


Bukavu, tarehe 18 Machi 1973

Yaya mpendwa,

Natumaini barua hii inawakuta wazima, nawe hujanikasirikia mno, kwa maana nimerudi Nyawera.

Nilimuuliza kwa nini hakusema hapana. Nilidhani atanieleza kwamba walimpiga, kwamba walitishia kumuua, kwamba alikuwa kijana. Alisema: "Niliogopa tu. Hakuna neno ingine." Nikangoja aongeze kitu. Akatia uzi kwenye sindano, akaendelea na kola ya shati la mtu.

Yaya, mwaka huu niliandika insha juu ya msamaha, na sista akaisoma mbele ya darasa zima. Mbele ya mtu yule sikukumbuka hata mstari mmoja. Lakini naona mtu asiyejitetea anastahili kusikilizwa. Muulize Mama, nakusihi. Mama akikataa, sitakuandikia tena habari za Télesphore.

Mdogo wako asiyesikia,
Colombe


Miti, Jumapili ya Pasaka, 1973

Mdogo wangu,

Salamu za Pasaka kutoka kwetu sote. Nilimwambia Mama tukiwa tunamenya maharagwe. Mpaka Kwaresima ikaisha hakunijibu. Leo, tukitoka misani, njiani tu, amesema: "Mwambie aje." Ameagiza ndizi za kutengenezea pombe ya kasiksi.

Aje Jumapili, tarehe 6 Mei. Nimefua kitenge changu cha buluu. Hilo usimwambie.

Yaya wako


Bukavu, tarehe 20 Mei 1973

Yaya mpendwa,

Hamjambo huko? Mbona kimya? Mama anaumwa?

Télesphore alipoondoka kuja kwenu alikuwa na shati jipya alilolishona mwenyewe, na mafundi wenzake walimtania kwamba bwana harusi anakwepa kumlipa fundi. Alicheka, Yaya; sikuwa nimewahi kumwona akicheka. Sasa amerudi na hasemi kitu. Alinisalimu, akaniuliza habari za mitihani, akainama tena kwenye mashini. Wenzake hawamtanii tena.

Nilikuwa nimeanza kufikiria gauni nitakalovaa siku yenu. Tafadhali niandikie, hata mistari michache.

Mdogo wako,
Colombe


Miti, tarehe 3 Juni 1973

Mdogo wangu mpendwa,

Mama haumwi. Ni mimi niliyeshindwa kuandika.

Alikuja mapema, akaacha viatu mlangoni. Alipiga magoti mbele ya Mama akasema yote, akimtaja Placide kwa jina, bila kujificha popote. Mama akainuka. Aliingia ndani, akatoka na kibuyu cha kasiksi, akamkabidhi mikononi. Hakukionja.

Unajua ilivyo kwetu. Mgeni hanywi mpaka mwenye nyumba aonje mbele yake, aone kwamba hakuna sumu. Mama hajapata kulisahau hilo, hata kwa muuza makaa anayepumzika njiani. Télesphore alikitazama kibuyu, akamtazama Mama, kisha akanitazama mimi. Akabaki akinitazama. Nami, Colombe, niliamini mna karuho ndani, ile sumu tunayoogopa sote. Niliamini kabisa. Ningesema "usinywe," na yote yangeishia hapo. Nikatazama miguu yangu.

Akanywa mpaka chini.

Hamkuwa na sumu yoyote. Mama alikaa kwenye kigoda akalia kilio ambacho hakukilia siku ile ya ziwa. Anasema hajui kama alisahau, au kama alitaka tu mtu huyu aogope kidogo kama mwanawe alivyoogopa. Alimshika kichwa akamwita mwanangu. Akaleta kibuyu kingine, akaonja, wakanywa kwa mrija mmoja. Mama amesamehe, na tangu siku ile analala vizuri.

Lakini mimi nimemhukumu miaka hii yote kwa neno moja asilolisema. Yeye alikuwa amezungukwa na mikuki. Mimi nilizungukwa na nini? Kuku wa Mama na ua wetu. Alipoondoka alimuaga Mama, na mimi akaniinamishia kichwa tu.

Ukimwona, sijui umwambie nini.

Yaya wako


Bukavu, tarehe 10 Juni 1973

Yaya wangu,

Nakusalimu kwa moyo wote. Mitihani nimeimaliza, lakini sikuifikiria sana.

Nilimwambia kwamba umeniandikia. Alisema: "Nilimuona. Mwambie asijihukumu. Ile kitu mimi naijua, mdomo unakatala." Nikamuuliza kama bado angependa kukuoa. Aliikunja nguo aliyokuwa akishona, akaikunjua tena. Kisha akasema: "Tangu Uvira sikupenda mwingine. Lakini tutaamka kila asubuhi, mutoto, tutazamane. Yeye akumbuke yangu, mimi nikumbuke yake. Chakula itashuka namna gani?"

Mimi sijui mambo ya watu wakubwa. Najua tu kwamba kila Jumapili huenda misa ya kwanza, akakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Njoo tarehe 17, Yaya. Mtu akiingia kanisani haulizwi amemfuata nani.

Mdogo wako anayewaombea,
Colombe


Miti, tarehe 19 Juni 1973

Colombe wangu,

Nilifika salama, kwa lori la kabichi lilelile lililonileta. Mama anakusalimu. Juzi ulinisubiri nje ya kanisa na maswali yako yote usoni, nami nikapanda lori bila kukujibu. Ndiyo maana naandika.

Nilimkuta mahali ulipoandika. Nilikaa kando yake. Aliniona, akasogea kunipa nafasi, na misa yote tulitazama mbele kama watu wawili wasiojuana. Padri alipotuambia tutakiane amani, alinigeukia akanyoosha mkono. "Amani ya Kristo, Eulalie." Ni muda sasa hakuna mwanamume aliyeniita jina hilo. Nikasema: "Na wewe pia, Télesphore." Vidole vyake vimechomwachomwa na sindano, zamani vilikuwa laini. Hatukuachiana mikono. Mama mmoja wa benchi la mbele aligeuka kutusalimu, akatuona, akageukia mbele tena.

Baada ya baraka alitoka wa kwanza. Mimi nilibaki nimekaa mpaka wafagiaji wakanifikia. Nilipotoka hakuwapo, nami nilikuwa nimejua hatakuwapo.

Usidhani hukusikilizwa. Uliomba tusameheane, na tumesameheana, mimi na yeye, kabisa. Nakuomba tu, mdogo wangu, usituombee zaidi ya hapo.

Yaya wako