Mwanafunzi Mmoja Amewafanyia Majaribio Wenzake Thelathini na Sita

Mama Bonifasia, shikamoo. Mpendwa mshauri wetu wa redio, naomba msaada wako kabla ya Ijumaa, maana nimefika mahali mlango wa ofisi ya walimu ukifunguliwa tu moyo unanilipuka, chakula hakipiti, na mke wangu nimemdanganya kwamba ni malaria.

Mimi ni mwalimu wa hisabati kidato cha nne, shule ya kata huku milimani Mbinga, na mwaka huu tulipata vishikwambi kumi na viwili, nikaweka programu ya majaribio ambayo inauliza, inasahihisha yenyewe na kunitumia alama, na kwa kuwa vishikwambi ni vichache na huu ni msimu wa kahawa, nikawaruhusu wanafunzi waende navyo nyumbani Ijumaa wapokezane, kila mmoja aingie kwa namba yake ya siri, mpaka Jumapili jioni jaribio linajifunga. Mama, wastani wa darasa ulipanda kutoka ishirini na nane hadi themanini na sita! Mkuu wa shule akanisimamisha mbele ya watu baada ya Misa pale parokiani Mapera, waumini wakanipigia makofi, na wiki ijayo nimeitwa mjini niwaonyeshe walimu wenzangu nimefanyaje.

Basi juzi ukungu ulikaa kutwa, sola haikuchaji, nikawapa jaribio la karatasi. Loo! Kati ya watoto arobaini na watatu, thelathini na sita hawakufikisha hata alama ishirini. Raimundi, ambaye kishikwambi humpa tisini na nne, aliandika jina, tarehe, akanichorea pembetatu moja, basi. Nikamwita pembeni, akanijibu bila hata kuogopa: "Mwalimu, hesabu zangu anafanya Gaudiosa. Sisi tunamchumia mama yake kahawa. Ni ngokela tu mwalimu, hatujaiba."

Ngokela unaijua Mama, leo wote tunalima kwako, kesho kwangu. Mama yake Gaudiosa alivunjika mguu mwezi wa tano, kahawa ikaiva hana wa kuichuma, wanafunzi wakapanga zamu kila Jumamosi shambani kwake, naye akabaki ndani na vishikwambi na orodha ya namba zao za siri, akimaliza la huyu anaingia la yule. Nilipomuuliza alilia akasema, "Kahawa ilikuwa inaanguka chini mwalimu, ningefanyaje?"

Sasa Ijumaa natakiwa nitume alama hizo kama alama zao za maendeleo. Nikisema ukweli, mwalimu wa nidhamu, Mwalimu Ildefonsi, atamfukuza Gaudiosa, namjua, na huyo binti ndiye pekee ninayemtegemea apate A. Nikinyamaza, mwezi wa kumi na moja wenzake watakaa mbele ya mtihani wa taifa hawajui kitu. Au nimpeleke Gaudiosa mwenyewe akakiri kwa mkuu, ili ionekane mimi ndiye niliyegundua? Nimechanganyikiwa.

Mwalimu, Mbinga.

MAMA BONIFASIA ANAJIBU

Marahaba, mwalimu. Pole sana. Kukosa chakula kwa sababu ya watoto wa watu ni dalili kwamba dhamira yako bado inapumua, na hilo limenifurahisha. Furaha yangu imeishia hapo.

Hivi wewe, mtu mzima, darasa linaruka kutoka ishirini na nane hadi themanini na sita msimu wa kuchuma kahawa, usishtuke? Hukumwita hata mmoja ubaoni akuonyeshe njia aliyopita? Kishikwambi kilikuambia namba imeingia na jibu ni sahihi. Nani ameshika kishikwambi ilikuwa kazi yako kujua. Ulizipenda zile alama, mwalimu, kwa sababu zilikuwa zinakusifu wewe.

Na hilo wazo la kumtanguliza Gaudiosa, lifute kabisa! Nimelisoma mara mbili nikakasirika mara mbili. Watoto wamefanya kosa, ndiyo, wote thelathini na saba, na waadhibiwe wote sawa, wafyeke, wachote maji, sijali. Lakini waliona mama wa mwenzao hajiwezi wakaenda kumchumia. Hilo usiwafundishe kulionea aibu.

Alama za kishikwambi usizitume. Mwombe mkuu siku chache, uwapime upya wakiwa mbele yako, hata kwa zamu ya watoto kumi na wawili, kila mtu na kishikwambi chake mkononi na daftari la kuonyesha kazi pembeni. Vikirudi nyumbani viwe vya mazoezi tu, visikupe alama hata moja. Jumamosi waendelee kuchuma, ila wakimaliza wakae na Gaudiosa awaelekeze, na kalamu washike wao. Na kule mjini nenda, wasomee wenzako alama za aina zote mbili, maana wengine wao nao wanapigiwa makofi sasa hivi.

Unaogopa kuchekwa baada ya hapo. Utaaibika, mwalimu, tena sana, na utapona. Mtoto aliyefukuzwa kidato cha nne miezi mitatu kabla ya mtihani harudi kirahisi.

Leo ni Jumatano. Chukua zile karatasi, ingia kwa mkuu kabla Mwalimu Ildefonsi hajasikia kwa mtu mwingine, na sentensi yako ya kwanza ianze na "mimi". Gaudiosa mwache darasani, ana kipindi.