Nani Alikuambia, Mama?

Mwaka umetimia, Mama, tangu utuache, na humu nyumbani kwako bado tunatazamana kwa jicho la pembeni.

Kwa miaka ishirini na sita ulikuwa muuguzi wa chumba cha sindano, wodi ya watoto. Koti jeupe ulilitundika nyuma ya mlango, ukaketi sakafuni. Mtoto ulimpa bomba tupu lisilo na sindano akuchome wewe kwanza, nawe ukapiga ukelele mpaka daktari akachungulia. Kisha ulimwonyesha sindano yenyewe. "Hii itauma kidogo. Lia ukitaka, ila mkono usiutikise."

Mzazi aliyesema "haiumi, mwanangu" ulimtoa nje. Uliwashuku watu wote wanaotabasamu huku mkono mmoja wameuficha mgongoni. "Mtoto ukimdanganya leo," ulisema, "kesho hata dawa ya kikohozi ataikimbia." Nyumbani nako ulikuwa vilevile: dawa chungu uliiita chungu, tukainywa tumenuna.

Ndipo ukaugua wewe. Daktari alituita pembeni akasema hakuna tiba iliyobaki. Tukakubaliana tukuambie ni vidonda vya tumbo tu. Ukatuitikia, "Haya wanangu, nitapona," ukamalizia uji wako.

Wiki moja baadaye tulikuta umeshagawa vitu vyako: cherehani kwa binti yako mkubwa, redio kwa mama mdogo. Basi kuna mtu alikuwa ametoboa siri! Tulimshuku kitinda mimba, maana hana kifua hata kidogo. Tulimshuku mama mdogo kwa sababu aliapa kupita kiasi. Mwaka mzima hao wawili wanasalimiana nusunusu, kila mmoja akimwona mwenzake ndiye.

Juzi, tulipokaa kuandika tangazo hili, Baba alivua miwani.

"Mwacheni mtoto. Ni mimi. Aliniuliza, nikashindwa kumdanganya."

"Sasa mbona yeye aliendelea kutuambia atapona?"

"Aliona mnaogopa."

Watoto wa watu wote uliwaambia ukweli, Mama. Uliowadanganya ni sisi peke yetu, wanao.

Tunaokukumbuka ni mumeo, binti yako mwalimu, mwanao dereva, kitinda mimba wako, ambaye tumemwomba radhi, mdogo wako, ambaye bado amenuna, na wajukuu zako wanne.

Hutatutoka moyoni siku zote za maisha yetu.